Usipwelewe na Kosa: Namna ya Kulimaliza na Kuendelea na Kazi

Chombo kikipanda fungu la mchanga hapa Lamu maji yakiwa yanatoka, nahodha mzoefu hana mengi ya kufanya, lakini hayo machache huyafanya kwa mpango. Huzima mashine au huteremsha tanga. Huchukua upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, akapima kina pande zote. Hushuka na mabaharia wakasukuma mara mbili tatu, na chombo kikikataa, huacha. Nanga hupelekwa upande wa maji marefu, magadi, yaani miti ya kuegemezea, huwekwa ubavuni ili chombo kisilale, na abiria huambiwa ukweli: tumepwelewa, maji yatarudi baada ya saa kadhaa. Anayeendelea kuunguruma na mashine hujichimbia shimo. Pampu hufyonza mchanga, mashine huchemka, na maji yakijaa ana shida mbili pale alipokuwa na moja.

Mtu aliyekosea naye hupwelewa. Umetuma pesa kwa nambari isiyo sahihi. Umekata mbao ya mteja ikawa fupi. Umemjibu mama vibaya mbele ya wageni. Umeunguza wali wa harusi. Kosa lenyewe lilichukua dakika, kulitafuna kunachukua miezi.

Maelezo haya ni ya kujinasua. Hayakufundishi kusahau, kwa sababu kusahau hakuitiki kwa amri, na sababu yake tutaifikia. Yanakufundisha kumaliza viporo ambavyo kila kosa huviacha: hasara ambayo haijazibwa, radhi ambayo haijaombwa, utaratibu ambao haujabadilishwa, na yale mazungumzo ya usiku kati yako na nafsi yako. Kiporo kimoja kikibaki, kosa zima hurudi ukiweka kichwa kwenye mto.

Kujuta si kucheua

Ng'ombe hucheua: alichokwisha kumeza hukirudisha kinywani akakitafuna upya. Akili nayo hulifanyia kosa vivyo hivyo. Kujuta ni jambo jingine, na asiyejuta ni wa kuogopwa. Shida ni kwamba ukiwa ndani huwezi kuyatofautisha kwa urahisi, kwa kuwa yote mawili yanauma.

Tumia saa. Waza juu ya kosa lako kwa dakika kumi, kisha jiulize: nimepata jambo moja la kufanya ambalo sikuwa nalo nilipoanza? Ukiwa nalo, ulikuwa ukifikiri. Ukiwa huna, na umerudi pale pale ulipoanzia, ulikuwa ukicheua. Alama nyingine ni swali lenyewe. Anayecheua huuliza, "Kwa nini mimi niko hivi?" Anayefikiri huuliza, "Ilikwendaje, hatua kwa hatua?" Swali la kwanza halina jibu ambalo unaweza kulifanyia kazi kesho asubuhi, la pili linalo.

Susan Nolen-Hoeksema, mwanasaikolojia wa Marekani, alichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Aliona kwamba wanaozunguka na huzuni yao kichwani hukaa nayo muda mrefu kuliko wanaojishughulisha na kitu kingine kwanza, kisha wakairudia shida akili ikiwa imetulia. Anayecheua huamini anatafuta ufumbuzi, na ndiyo maana ni vigumu kumwambia aache: anahisi kuacha ni kulipuuza kosa.

Saa ya kwanza

Ziba hasara, lawama zingoje.

Kama ni pesa za M-Pesa zilizokwenda kusikotakiwa, peleka ule ujumbe wa muamala kwa 456, nambari ya Safaricom ya kuomba pesa zirudishwe, hapo hapo, kabla ya kumpigia simu yeyote na kabla ya kuanza kujilaumu. Kila dakika ni nafasi ya aliyezipokea kuzitoa, na zikishatoka kwenye simu yake kuzirudisha ni safari nyingine.

Kama ni wali, epua. Usikoroge wala usikwangue. Pakua ule wa juu kwa sahani bapa uuhamishie kwenye sufuria nyingine, na ukoko uache ulipo. Anayekoroga akitumai kuchanganya kilichoungua na kizima huipeleka harufu ya moshi kwenye kila punje.

Kama ni patasi iliyoteleza kwenye nakshi ya mlango, iweke chini, kisha piga magoti utafute kipande kilichobanduka kabla hakijafagiwa na taka. Kipande kile kile kikigundishwa mahali pake, nyuzi za mbao zikikutana kama zilivyokuwa, mwanya hauonekani ila kwa anayejua. Kiraka kilichochongwa kutoka mbao nyingine, hata iwe mbambakofi ya gogo moja, huonekana rangi yake ikianza kubadilika. Fundi aliyekaa kitako akijishika kichwa hukikanyaga kipande hicho akakipoteza.

Mwili nao una haki yake. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, kwa dakika tano. Kutoa kukiwa kurefu kuliko kuvuta, mapigo ya moyo hushuka. Nawa uso au utie udhu kwa maji ya baridi. Kisha ndipo useme na watu.

Kuna mambo ambayo saa hiyo hayafanywi kabisa. Usiache kazi. Usiuze chombo. Usiandike ujumbe mrefu kwenye kundi la ukoo. Na usile kiapo. Hapa kwetu mtu akikosea ulimi wake hukimbilia, "Wallahi sishiki tena pesa za watu!" Wiki ya pili analetewa pesa za arusi azitunze, anazipokea, sasa ana kosa la kwanza na yamini iliyovunjika. Kafara ya yamini imetajwa katika Sura ya Al-Maida, aya ya 89: kulisha masikini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku tatu. Usijiongezee deni kwa hasira ya dakika moja. Vivyo hivyo neno la talaka likikutoka, usilipime kwa mashauri ya barazani ambako kila mtu ni mufti. Nenda kwa Kadhi.

Nusu ukurasa, mistari minne

Siku hiyo hiyo, au kesho yake asubuhi, chukua karatasi na kalamu. Simu haifai kwa kazi hii, maana utaishia kutazama hali za watu kwenye WhatsApp. Andika nusu ukurasa usizidi:

1. Nilifanya nini.
2. Kilitokea nini kwa sababu hiyo.
3. Wakati ule nilijua nini, na nini sikukijua.
4. Nadaiwa nini, na nani.

Sharti ni moja: hakuna neno la sifa juu yako, si jema si baya. Mzembe, mpumbavu, mkosi, yote yabaki nje. Andika vitenzi. Linganisha hivi:

"Mimi ni mtu wa kuharibu kila kitu, na kazi ya mzee wa watu imeharibika."

"Jumanne nilipima mwimo wa mlango mara moja tu, nikakata. Ukatoka fupi kwa inchi moja. Mbao ilikuwa ya mteja. Nadaiwa mbao na siku mbili za kazi."

Ya kwanza unaweza kuilalia mwaka mzima usifike popote. Ya pili ina bei.

Lugha yetu ina mtego wa kuuangalia hapa. Kiswahili kinakuruhusu kusimulia msiba mzima bila mtu yeyote kuwamo: sahani imevunjika, pesa zimepotea, wali umeungua, maji yamemwagika. Ni kana kwamba sahani ilijiamulia. Hiyo *-ika* na *-ea* ni adabu nzuri ukizungumza juu ya kosa la mwenzio, lakini kwenye karatasi yako ni mlango wa kutorokea, na anayetoroka hulazimika kukimbia kila siku. Andika *nimevunja, nimepoteza, nimeunguza, nimemwaga*. Kuandika hivyo kunauma kidogo siku ya kwanza. Kisha jambo hupata mipaka: ni sahani, ni moja, ilikuwa Jumanne.

Upande wa pili wa mtego ni mtu anayejitwika yote. Akikosea kijiko husema ameharibu arusi. Huyu aandike *nime-* kwa yale tu ambayo mikono yake iliyafanya. Upepo ulipogeuka hakuugeuza yeye. Mashine iliyokufa katikati ya safari ingawa ilisafishwa jana haikuuawa na yeye. Kama kosa lina watu watatu, andika vitenzi vya watu watatu, halafu piga mstari chini ya vyako. Hivyo ndivyo utakavyovilipia.

Mstari wa tatu ndio ambao watu huuruka, nao ndio unaotuliza zaidi. Mambo yakishatokea, akili hujidai ilijua tangu mwanzo. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Baruch Fischhoff alionyesha kwa majaribio kwamba mtu akiambiwa tokeo la jambo, huliona kuwa lilikuwa wazi kuliko linavyoonekana kwa asiyeambiwa, na haoni kwamba habari hiyo ndiyo iliyombadilisha. Wewe wa leo unamhukumu wewe wa Jumanne kwa habari ambazo wa Jumanne hakuwa nazo. Kwa hiyo ziandike hasa: "Nilijua mteja ana haraka. Nilijua futi yangu ni ya zamani. Sikujua kwamba ncha yake imelika." Kama kweli ulijua ukafanya hivyo hivyo, andika hivyo. Hilo ni kosa la aina nyingine, na tiba yake ni nzito zaidi: ni kutubu.

Kwa Mwislamu njia ya toba imekwisha kupigwa: kuacha kitendo, kukijutia, kuazimia kutokirudia, na kama kuna haki ya mja, kuirudisha. Tazama kwamba katika manne hayo, hakuna la kujitesa baada ya kumaliza. Wengi hufanya matatu ya mwanzo kwa machozi na sala ndefu za usiku, wakaliacha la nne kwa sababu linataka kutoka nyumbani na kugonga mlango wa mtu. Kisha hushangaa kwa nini moyo hautui.

Kuomba radhi katika mji ambao huwezi kujificha

Mji mkubwa mtu akikukosea anaweza asikuone tena. Lamu, ukitoka Langoni kwenda Mkomani, utapita Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na uliyemkosea naye atapita huko huko, na punda mwenye mizigo akiwa katikati yenu mtalazimika kubanana ukutani bega kwa bega. Kwa hiyo radhi isiyoombwa hapa hukutana nawe mara tatu kwa siku. Iombe mapema, ndani ya siku tatu ikiwezekana. Kila ukichelewa, unahitaji kuomba radhi pia kwa kuchelewa.

Kwanza chagua neno. *Pole* haifai. Pole humfariji mtu kwa lililompata, haisemi nani alilifanya. Ukimwaga chai kwenye kanzu ya mtu ukamwambia pole, umejiweka upande wa wapita njia. *Samahani* inatosha kwa kumkanyaga mtu mguu. Kwa jambo zito sema *nimekukosea* kwanza, halafu *niwie radhi* au *nisamehe*.

Kisha panga maneno. Yawe manne: nilifanya nini, kilikuumiza vipi, nimefanya au nitafanya nini, naomba radhi. Mfano, kijana kwa fundi wake:

"Mzee, jana nilimwambia mteja kwamba wewe ndiye uliyekata ule mwimo, na niliukata mimi. Umepata aibu isiyo yako. Asubuhi nimemwendea nikamwambia ukweli. Niwie radhi."

Basi. Ukiongeza "lakini," umefuta yote yaliyotangulia. Ukiongeza "kama nimekukosea," umemwambia kwamba huna hakika. Ukilia sana, mzee wa watu atalazimika kukubembeleza, na ziara iliyokuwa ya kumtua yeye itakuwa ya kukutua wewe.

Wakati mzuri ni kati ya alasiri na magharibi, watu wakiwa wamepumzika. Nenda nyumbani kwake, piga hodi, usimvizie msikitini wala barazani, maana mbele za watu atasema amesamehe hata kama hajasamehe. Kwa mzazi, keti chini kuliko alivyokaa. Jambo likiwa limefika kwenye kugombana ukoo kwa ukoo, usiende peke yako, tanguliza mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote mbili. Na usibebe zawadi ikiwa kuna deni. Halua kabla ya pesa za watu inaonekana kama rushwa, baada ya kulipa inaonekana kama halua.

Deni la pesa lipangie tarakimu. "Nitakulipa nikipata" inawafanya wote wawili mlale na wasiwasi. "Nadaiwa shilingi 12,000, nitaleta 1,000 kila Ijumaa, wiki 12" inamfanya kila mmoja ajue kesho ikoje. Chagua kiasi ambacho utakiweza hata wiki ambayo bahari ni mbaya na hakuna kazi. Siku za kusi kali wenye vyombo wengi hukwama, na ahadi iliyopangwa kwa mapato ya kaskazi huvunjika mwezi Juni. Ijumaa ukiwa huna, mwambie Alhamisi. Anayesubiri aulizwe ameshakosea upya.

Na akikataa kukusamehe? Ana haki hiyo. Omba mara moja, rudi mara moja baada ya majuma mawili hivi, kisha acha kuomba, ila usiache kulipa wala kusalimia. Ukikutana naye njiani sema salamu yako kwa sauti ya kawaida na upite, usiinamishe kichwa wala usigeuze njia kwenye kichochoro. Anayeomba radhi kila akikutana na mtu humgeuza aliyekosewa kuwa daktari wake.

Aliyekosewa akiwa amefariki, haki ya mali huenda kwa warithi wake. Yasiyo ya mali muombee dua, umtolee sadaka, na kama lilikuwa ni neno ulilolisema juu yake, lisahihishe pale pale ulipolisema, kwa wale wale waliolisikia.

Badilisha kitu kimoja

"Nitakuwa makini" haibadilishi chochote. Umakini huisha ukichoka, na makosa mengi hutokea ukiwa umechoka. Unachotaka ni kitendo kimoja kilichofungwa kwenye wakati maalumu. Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer alionyesha katika miaka ya 1990 kwamba nia iliyofungwa hivyo, *likitokea hili nitafanya lile*, hutekelezwa zaidi kuliko nia ya jumla. Kwa mfano:

Kabla ya kubonyeza kutuma, nitasoma kwa sauti jina lililotokea kwenye simu. Kabla ya kukata, nitapima mara ya pili kwa futi nyingine. Mkono wa kushoto hautakaa mbele ya patasi, kazi itabanwa kwa jiriwa. Kabla ya kuondoka gatini siku za bamvua, nitauliza saa ya kupwa.

Hilo la mwisho lina sababu yake. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, takriban saa sita na robo kati ya kujaa na kupwa. Bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupanda sana na hukauka sana. Chombo kikipanda fungu maji ya bamvua yakiwa yamejaa kabisa, kujaa kunakofuata kunaweza kusifike pale tena, na siku za maji mafu, yasiyopanda sana, zikiingia kitakaa mchangani hadi bamvua la pili, kama wiki mbili. Kosa moja lile lile, saa tofauti, hasara tofauti kabisa.

Kitu kimoja, si vitano. Anayejipangia mambo matano baada ya kosa huyashika siku nne akayaacha yote, kisha hujiongezea kosa la kushindwa kubadilika. Na ukiandike mahali kosa linapotokea: kwa penseli juu ya meza ya kazi, kwenye kifuniko cha sanduku la pesa, nyuma ya simu. Kwenye daftari lililo kabatini hakimkumbushi mtu.

Usiku

Ulipofika hapa umefanya unayoweza kufanya kwa mikono. Usiku akili hairidhiki. Unalala, taa imezimwa, na kosa linaketi ukingoni mwa kitanda.

Jambo ambalo halifai ni kujiambia usiwaze. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake huko Marekani waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika tano, na akiwajia wapige kengele. Kengele zililia. Tena walipoambiwa baadaye kwamba sasa wanaweza kumfikiria, walimfikiria zaidi kuliko wale ambao hawakukatazwa tangu mwanzo. Kumbe kulifukuza wazo ni kulilinda mlangoni, na mlinzi huwa macho.

Lipe miadi badala yake. Chagua saa moja ya kila siku, tuseme saa kumi na moja jioni, kwa dakika ishirini, mahali pamoja: ukuta wa pwani, baraza ya nje, dari ya nyumba. Kitanda hakifai, kwa sababu mwili utajifunza kwamba kitandani ndipo pa kuwaza. Katika dakika hizo waza upendavyo, karatasi ikiwa mkononi. Wazo likija nje ya saa, saa tano usiku au katikati ya kazi, liandike kwa neno moja na uliambie saa yake ni kesho. Njia hii ilijaribiwa na mwanasaikolojia Thomas Borkovec na wenzake mwaka 1983 kwa watu wa wasiwasi mwingi. Siku tatu za kwanza huonekana haifanyi kazi, wazo halijazoea kungoja. Kufikia juma la pili, wengi hujikuta saa imefika na hawana jipya la kuwaza. Hapo punguza iwe dakika kumi.

Ukikaa kitandani kama dakika ishirini usingizi haujaja, inuka. Keti mahali pengine pasipo mwanga mkali, fanya kitu cha mikono kisichotaka akili: kushona kofia kunafaa sana, kuchambua mchele pia. Usingizi ukirudi, rudi kitandani.

Miraa na kahawa vina sehemu kubwa katika hili kuliko watu wanavyokubali. Miraa humkesha mtu, na mkesha bila kazi hutafuta cha kutafuna zaidi ya majani. Siku hizo iache kabisa, na kahawa ya mwisho iwe kabla ya alasiri.

Mwendo husaidia. Kutoka mjini hadi Shela kwa miguu kando ya bahari ni kama dakika arobaini. Nenda maji yakiwa yametoka, maana yakijaa sehemu za njia hufunikwa. Usiweke mawaidha masikioni, tazama nje: majahazi mangapi yametia nanga, upepo unatoka wapi. Akili ikirudi kwenye kosa, irudishe kwenye hesabu bila kuigombeza.

Kosa likiwa na uchungu mzito zaidi, kuna zoezi la kuandika la mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall, la mwaka 1986: dakika kumi na tano kwa siku, siku nne mfululizo, andika unavyohisi bila kujali tahajia wala mwandiko. Jua kwamba ukimaliza kila kipindi unaweza kujisikia vibaya zaidi kwa muda. Usifanye usiku, na usizidishe siku nne.

Wenzako

Mtafute mtu mmoja wa kumwambia. Mwambie kwa masharti: "Nisikilize dakika kumi, halafu uniulize nitafanya nini kesho." Bila masharti hayo, rafiki mwema atakusaidia kucheua, atatoa na ya kwake, na mtaondoka wote mmelemewa. Ukijikuta unasimulia kisa hicho hicho mara ya nne kwa mtu wa nne, jiulize unatafuta nini.

Baraza nayo haitakuacha. Kosa la kuchekesha huzaa jina la utani, na hapa majina hayafi. Ukikasirika litashika. Jibu moja linatosha, lile lile kila mara, kwa sauti ya kuagiza chai: "Ndiyo, nilikosea, na nimeshalipa." Usieleze, usijitetee, usimtaje mwingine aliyekosea zaidi. Wakichoka wataanza na mtu mpya.

Mtoto akikosea nyumbani, hatua ni hizi hizi kwa ufupi: anyanyue vipande, aseme alifanya nini kwa *nime-*, arekebishe kidogo anachoweza, basi. Kosa la asubuhi lisirudishwe mezani wakati wa chakula cha usiku. Mtoto anayekumbushwa makosa yake hujifunza kuficha.

Huzuni ikikataa kuondoka

Kuna uzito ambao karatasi haiubebi. Ukipita wiki mbili huzuni ipo karibu kila siku, hulali, huli, kazi haishikiki, au fikra za kutaka kufa zimeanza kukujia, hilo si jambo la kujikaza. Nenda hospitali, King Fahd kwa walio mjini, ueleze kama unavyoeleza homa. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo kutoka popote Kenya. Imamu au padre anayekupenda atakuombea na pia atakupeleka. Hakuna mgongano.

Ile karatasi

Ikunje uiweke mahali utakapoiona tena, ndani ya msahafu au kwenye bweta la pesa, na juu yake andika tarehe ya siku thelathini mbele. Siku hiyo ifungue usome mstari wa nne. Kama bado kuna unachodaiwa, kiondoe wiki hiyo hiyo au upange upya tarakimu zake na mwenyewe. Soma kile kitu kimoja ulichobadilisha: ulikifanya mara ngapi? Kama kimekufa, kilikuwa kigumu mno, kipunguze. Kisha jaribu kukisimulia kisa kwa sentensi tatu kwa sauti, ukiwa peke yako. Zikitoka bila kukwama, karatasi imemaliza kazi. Ukiwa umeandika dua ndani yake au jina la Mwenyezi Mungu, usiitupe jaani pamoja na karatasi za dukani. Ichome kwenye jiko la makaa, au izike.